Moshi wa Jua

Nchi ya Nuruni msiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walifika kweli, wakaambiwa wasubiri kibali cha kutazama, na wakiwa kwenye foleni wengine wakaoa, wengine wakazeeka, kazi ikaishia hapo. Lakini nchi ipo, watu wake ni watulivu kupita kiasi, na mimi ninayewasimulia sina neno baya juu ya serikali yao. Nasema yaliyotokea tu.

Nuruni ina jua. Maji yanakuja kwa msimu, umeme unakuja kwa bahati, lakini jua halijawahi kukosa hata siku ya sikukuu. Na kwa kuwa serikali haipendi kitu kikae juu yake bila kusimamiwa, iliunda Wizara ya Jua, Kivuli na Mambo Yatokanayo. Jengo la Wizara lilikuwa refu na zuri, madirisha yake yote yamefunikwa mapazia mazito, maana jua lilikuwa likiwakera watumishi. Kila mwaka wataalamu wake walipelekwa kulisomea jua katika nchi za theluji, kwa hoja kwamba huko jua ni adimu, na mwenye kitu adimu ndiye anayejua thamani yake. Walirudi na makoti mazuri sana.

Sasa, katika mtaa wa Kwa Mfua Bati, si mbali na Wizara hiyo, aliishi mjane mmoja aitwaye Mashavu, mpika makande. Makande ni mahindi na maharage tu, lakini hayana haraka. Ukiyabandika asubuhi yanaiva kwa wakati wake, na muda wote huo mpishi anapuliza moto. Mashavu alikuwa akipuliza moto tangu ujana wake. Kifua chake kilishazoea. Macho ndiyo yaliyokataa. Yalikuwa mekundu, yanachuruzika machozi mchana kutwa, na asubuhi nyingine aliamka akaona ukungu mahali palipokuwa na mlango. Nesi wa zahanati alimwambia bila kuzunguka, "Mama, uchague. Moshi au macho. Vyote viwili hutaviweza."

Kuchagua kungekuwa rahisi kama Baba Mlezi wa Taifa asingetangaza Amri ya Kuupumzisha Msitu. Amri ilisema mwananchi asikate kuni tena, misitu ipumue. Misitu ikapumua kidogo, kisha malori yenye bendera yakaja kuihamisha, kuipeleka mahali salama, na haijarudi hadi leo. Mkaa ukapanda mpaka ukawa zawadi ya harusi. Kuni zilizobaki mjini zilikuwa mbichi, zinauzwa uchochoroni, na kuni mbichi hutoa moto kwa kulazimishwa na moshi kwa hiari. Mashavu alizinunua hizo hizo, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kumlisha.

*

Kila siku adhuhuri alikuja Kondo.

Kondo alikuwa tarishi wa Wizara ya Jua, mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kazi isiyotoka kichwani. Yeye alikuwa mtu wa Bonde na Mashavu mtu wa Mlima, na huko Nuruni watu wa Bonde na watu wa Mlima ni watani. Mababu zao walichinjana kwa ajili ya chemchemi moja mpaka wakachoka, wakakaa chini, wakala kiapo: tangu siku ile mtu wa Bonde atamtukana mtu wa Mlima, na wa Mlima atamtukana wa Bonde, na atakayekasirika ndiye mwenye kosa. Mtani anaingia kwako bila hodi. Anakula bila kukaribishwa. Akipenda kitu chako anakibeba mbele ya macho yako, na wewe unacheka. Kisha anakirudisha pamoja na kitu kidogo juu yake, au wewe unakwenda kwake unabeba cha kwake, na yeye anacheka. Ndivyo walivyoacha kuuana.

"We mwizi wa mbuzi!" Kondo alikuwa akianza angali barabarani. "Unalia nini tena? Nimeshakwambia sikuoi!"

"Nani aolewe na mla vyura?" Mashavu alijibu, akijifuta macho kwa pindo la kanga. "Kaa ule, ukafie kwenu."

Kondo alikaa mahali pake pa siku zote, juu ya kinu kilichopinduliwa, akachungulia sahani. "Nile nini? Haya ndiyo makande? Jamani watu wa mtaa huu, njooni mwone, mtumwa wangu hajui hata kupika makande!"

Kisha akala, akaongezwa, akala tena.

Mtu asidhani ulikuwa mchezo mtupu. Mume wa Mashavu, Mzee Ngoda, alipofariki, Kondo ndiye aliyeingia kaburini kuupokea mwili. Walipotoka makaburini, watu wakiwa wameinamisha vichwa, Kondo akavaa koti la marehemu na viatu vya marehemu, akatembea uani vile vile marehemu alivyokuwa akitembea, bega moja chini, akiwakemea kuku, akaingia jikoni akauliza, "Mashavu, chumvi umeisahau tena?" Mashavu alikuwa hajafungua kinywa tangu msiba uingie. Akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na kilio kile ndicho kilichomtoa pale alipokuwa. Tangu hapo alimhesabu Kondo kuwa ndiye mtu atakayemzika, na jambo hilo lilimpa amani.

*

Wazo la jiko la jua alilipata redioni. Wizara ilikuwa na kipindi chake, Jua Ni Letu, ambamo mtaalamu mwenye sauti ya mafua alieleza kwamba mwanga ukikusanywa mahali peusi na kufunikwa kwa kioo huwa joto, na joto huivisha chakula. Alieleza hayo kwa fahari, kisha akasema mwananchi asijaribu mwenyewe, asubiri utekelezaji. Mashavu alikuwa ameshainuka kutafuta sanduku, kwa hiyo sehemu ya mwisho haikumfikia.

Sanduku lenyewe lilikuwa sanduku la kura. Nyuma ya ofisi ya uchaguzi yalitupwa mengi, ya mbao nzuri, mengine bado yamefungwa na yamejaa. Mashavu akachagua moja lenye ufa pembeni, akauziba ufa kwa lami. Ndani akapanga sufi kutoka kwenye mto wa marehemu, na juu ya sufi magazeti ya serikali aliyoyakunjakunja, maana gazeti lile halijawahi kuvujisha kitu. Sufuria akaipaka masizi ya jiko lake mwenyewe, ambayo alikuwa nayo ya kutosha ukoo mzima. Kioo cha kufunikia alikibandua kwenye gari bovu lililoachwa mtaroni na msafara wa mkubwa fulani.

Kikabaki kitu cha kuurudisha mwanga ndani ya sanduku. Alijaribu karatasi za kung'aa za pakiti za biskuti, upepo ukazichana. Akajaribu vipande vya kioo. Vikaunguza kamba ya nguo ya jirani, na jirani akaja juu. Siku moja upepo ukaangusha bango la barabarani, bango la bati la alumini lenye uso wa Baba Mlezi akitabasamu. Mbele lilikuwa na tabasamu, nyuma lilikuwa tupu, jeupe, linametameta. Mashavu akakata pale penye uso, kwa kuwa ndipo bati lilipokuwa halijapinda, akalisugua kwa majivu na ndimu, akalifunga kwa bawaba juu ya sanduku. Upande unaong'aa akauelekeza kwenye jua. Tabasamu likatazama ukuta wa choo.

"Mungu wangu!" alisema Kondo alipoliona. Kisha akashika mbavu. "Mwizi wa mbuzi amempa Baba Mlezi adhabu ya shule! Amemsimamisha atazame ukuta!"

Wakacheka wote wawili, halafu wote wawili wakageuka kuangalia barabarani kama kuna mtu.

Jiko lilimsumbua mwanzoni. Siku ya kwanza lilitoa maji ya vuguvugu. Siku nyingine liliyeyusha kijiko cha plastiki na kuacha maharage yakiwa mabichi. Akaongeza sufi, akalisogeza, akajifunza kulizungusha jua linapozunguka. Na siku moja akainua kioo, mvuke ukampiga usoni, mahindi yamepasuka na maharage yamelainika, na uani hapakuwa na hata uzi mmoja wa moshi. Kondo akatia kidole, akaungua, akatukana, akatia tena.

"Haya kweli yameiva," alisema taratibu, akasahau kabisa kumtukana.

Hapo Mashavu angepaswa kushtuka. Mtani akianza kukusifia, kuna jambo. Lakini alikuwa na furaha mno. Macho yalikuwa yameanza kupona. Asubuhi aliuona mlango, akaziona bawaba za mlango, akamwona hata mjusi aliyelala juu ya bawaba, na akamsalimia mjusi yule kama mgeni kutoka mbali. Akamwonyesha Kondo kila kitu: wapi sufi inakaa, kioo kinafungwaje, bati linageuzwaje. Hakuficha hata kimoja.

*

Sikukuu ya Jua ilikuwa inakaribia, na huko Wizarani watu walikuwa hawali. Kwa miaka mingi Waziri alikuwa akimwarifu Baba Mlezi kwamba Jiko la Taifa la Jua "limefikia hatua nzuri", na Baba Mlezi alikuwa akifurahi. Mwaka huo, kwa sababu ambazo hakuna aliyezielewa, aliomba kuliona. Waziri akakusanya wataalamu wake wote na makoti yao. Walikaa siku nzima wakitazama meza. Kondo aliwaletea chai, akasimama karibu na pazia, akasikiliza.

Kesho yake alifika kwa Mashavu na mkokoteni wa Wizara.

"Jiko zuri hili," alisema kwa sauti ya mtaa mzima. "Tangu lini mtumwa akamiliki jiko zuri? Nalichukua!"

Majirani wakatoka milangoni, tayari wanatabasamu. Mashavu alijua la kufanya. Kila mtoto wa Mlima analijua kabla hajajua kuvaa. Akacheka. Akacheka kwa nguvu, mikono kiunoni, ili mtaa usikie kwamba watu wa Mlima bado ni watani wa kweli.

"Chukua, mla vyura! Kachemshe vyura wa mama yako!"

Mtaa ukavunjika mbavu. Mashavu akamsaidia hata kulinyanyua, akamwambia aangalie bawaba isipinde, akawasindikiza mpaka kona akiwa bado anamtukana. Kisha akarudi uani, akawasha kuni mbichi, za siku moja mbili tu, mpaka litakaporudishwa.

Halikurudishwa. Mashavu akafanya inavyotakiwa: akaenda nyumbani kwa Kondo akiimba, akambeba jogoo wake mwekundu, mke wa Kondo akacheka kwa adabu. Jogoo akafungwa uani, akalishwa vizuri. Kondo aliendelea kupita adhuhuri, lakini sasa alikula amesimama. Akiulizwa jiko alijibu, "Linakaribia kuzaa, nitakuletea na mtoto wake," na Mashavu akacheka, akakohoa, akajifuta macho. Asubuhi hakumwona tena yule mjusi.

Asubuhi ya Sikukuu Kondo alikuja mapema na sufuria kubwa ya Wizara. "Nijazie. Kuna wageni wanataka kuonja chakula cha watumwa." Mashavu, aliyekuwa ameyabandika tangu usiku ili akauze uwanjani, akamjazia mpaka juu.

*

Uwanja wa Mwanga ulijaa. Baba Mlezi alikaa chini ya mwavuli, na mwavuli ule nao ulikuwa na mwavuli wake. Waziri wa Jua akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Jua, ambalo kwa karne nyingi limekuwa likiwaka ovyo bila mwelekeo, leo limekubali kuwa chini ya usimamizi!"

Makofi.

"Na aliyelishika jua kwa mikono yake ni kijana wetu, tunda la mafunzo yetu, Mbunifu wa Taifa, Mhandisi Kondo!"

Pazia likavutwa. Mashavu, aliyekuwa nyuma akiuza makande, akakaza macho. Aliona ukungu, na ndani ya ukungu sanduku lililopakwa rangi za bendera. Akajipenyeza mbele kati ya watu. Pembeni mwa sanduku, chini ya rangi, akaiona lami aliyoikandika kwa kidole chake. Na bati lilikuwa limegeuzwa. Uso wa Baba Mlezi sasa ulilitazama jua na umati, umepakwa vanishi, unatabasamu. Upande unaong'aa ulikuwa nyuma, kivulini, ukiwatazama wapiga tarumbeta wa jeshi.

Waziri akafungua kioo, akatoa sufuria yenye mvuke. Baba Mlezi akaonja kijiko kimoja. Akatafuna. Akasimama kutafuna.

"Mbona nasikia moshi?"

Tarumbeta moja ikaanguka.

"Huo ni moshi wa jua, Baba," alisema Waziri.

"Jua lina moshi?"

"La nchi nyingine halina, Baba. La kwetu limekomaa."

Baba Mlezi akafikiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaongeza kijiko cha pili. Makofi yakapigwa mpaka vumbi likatimka. Hapo ndipo Mashavu aliposhindwa kuvumilia, akapaza sauti.

"Kondo! We mla vyura! Hilo jiko ni langu! Na hayo makande nimeyapika mimi leo asubuhi, kwa kuni!"

Askari wakageuka. Kisha sauti moja ikatoka katikati ya watu: "Ni mtani wake huyo! Mtu wa Mlima!"

Kicheko kikalipuka. Mashavu akasema sanduku ni la kura, wakacheka. Akasema lami ile ameikandika yeye, sufi ile ni ya mto wa marehemu mume wake, wakaangukiana. Akasema, "Jamani, leo sitanii!" na hapo Waziri akatoa kitambaa akajifuta machozi ya kicheko. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilichekesha kuliko iliyotangulia. Baba Mlezi mwenyewe akaamuru mama mcheshi apewe kanga.

Mashavu akamtazama Kondo kule jukwaani. Alimsubiri aseme neno moja tu, kwamba huyu leo hatanii, msikilizeni. Yeye peke yake ndiye angeweza kulisema likaaminika.

Kondo alicheka pamoja nao.

*

Alikwenda kushtaki. Nuruni si nchi ya wanyama. Lipo Baraza la Malalamiko Yanayovumilika, na Mwenyekiti wake ni mtu makini.

"Siku jiko linachukuliwa," aliuliza, "ulicheka au hukucheka?"

"Nilicheka, Mheshimiwa, lakini—"

"Ulicheka kwa nguvu au kwa adabu?"

"Kwa nguvu, Mheshimiwa. Ni mtani wangu. Mtani huchukua akarudisha."

"Mtu anayeibiwa hucheka?"

"Mtani akikasirika ndiye mwenye kosa, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo leo umekasirika?"

Mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika: mlalamikaji alifurahi, akamsaidia kubeba. Aitwe Mhandisi."

Kondo akaingia amevaa suti. Kichwa chake bila kofia kilikuwa kidogo kuliko Mashavu alivyodhani.

"Mhandisi," Mwenyekiti alisema, "wewe unamfahamu mama huyu siku nyingi. Tuambie, anaweza kutengeneza jiko la jua?"

Mashavu akamtazama Kondo, na alichokumbuka si jiko. Alikumbuka koti la Mzee Ngoda na bega moja chini. Akasema moyoni, sasa atasema, haiwezekani asiseme. Kondo akatazama sakafu. Akatazama pazia. Kisha akasema, kwa maneno yale yale ya mtaani lakini bila sauti yake ya mtaani:

"Huyu? Huyu hajui hata kupika makande."

Maneno hayo Mashavu alikuwa ameyasikia kila siku ya Mungu, na kila siku yalisemwa na mtu aliyeshika sahani ya pili. Hakuwahi kuyasikia yakiandikwa. Karani aliyaandika polepole, akauliza kama "makande" iwe kwa herufi kubwa. Hakuna aliyecheka. Na Mashavu aliumia, niseme wazi. Aliumia kuliko siku aliyomzika mumewe, maana siku ile alikuwepo mtu wa kumchekesha.

Hukumu haikuchukua muda. Kwa kuwa mlalamikaji, kwa ushahidi wa mtu wake wa karibu, hawezi kupika chakula rahisi kuliko vyote nchini, Baraza haliwezi kuamini kwamba aliweza kulipikisha jua. Kanga aliruhusiwa kubaki nayo.

*

Kuanzia hapo mwanga wa jua uliorudishwa na kitu chochote ukawa mali ya Taifa. Wizara ikapita nyumba hadi nyumba kukusanya vinavyong'aa. Ilichukua vioo, sinia, mabati mapya na vijiko vya harusi. Vinyozi wakanyoa kwa kumbukumbu. Wake waliwauliza majirani sura zao ziko vipi leo. Wenye vipara walishauriwa kuvaa kofia, kwa hiari, kabla ya Ijumaa.

Jiko la Taifa likatengenezwa kwa wingi, likasambazwa wilaya zote, kila moja likiwa na uso wa Baba Mlezi ukitazama jua. Halikuivisha kitu. Lakini hakuna mkuu wa wilaya aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba tabasamu la Baba Mlezi halina joto, kwa hiyo taarifa zote zilisema chakula kinaiva, tena kwa wakati. Wananchi wakajifunza kula maharage mabichi na kuyasifia huku wameshika matumbo.

Mashavu alirudi kwenye moshi. Hakuwa na bati wala kioo, na hata angekuwa navyo, askari alipita kila adhuhuri kukagua ua. Ukungu ukaja asubuhi, kisha ukaanza kukaa mpaka mchana.

Siku moja gari la Wizara lilisimama mlangoni. Mashavu alikuwa ameshaipua sufuria na moto umezimika. Akasikia mlango wa gari, akasikia viatu vya ngozi, kisha ile sauti:

"We mwizi wa mbuzi! Unalia nini tena? Nimeshakwambia sikuoi!"

Mashavu akasimama. Akafunga kanga vizuri, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mhandisi."

Kondo akacheka. "Ahaa, umepata mtindo mpya! Marahaba, mtumwa wangu, marahaba!"

Mashavu akaingia ndani, akatoa kiti, akakipangusa. Akampa sahani kwa mikono miwili, kisha akasogea pembeni akasimama, kama watu wanavyosimama mbele ya wakubwa. Kondo akakitazama kile kiti, akakitazama kinu kilichopinduliwa. Akakaa kwenye kiti.

"Basi sikiliza," alisema akipunguza sauti. "Baba Mlezi ameyapenda makande. Anayataka kila sikukuu, na wageni wa nchi za theluji wakija. Utapika wewe. Nimekuletea kuni, mzigo mzima, nyuma ya gari. Ni mbichi kidogo, lakini moshi anautaka, asipousikia anauliza."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Ningesema waligeuze bati, unajua ningesema. Lakini nani atamgeuza Baba Mlezi atazame ukuta?"

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Acha hiyo, Mashavu." Alikuwa hajagusa chakula. "Nilitaka kulirudisha. Haki ya Mungu nilitaka kulirudisha, na kitu juu yake. Nilitaka tu walione. Halafu Waziri akanipa mkono, akaniita Mhandisi. Nimewapelekea chai mle ndani tangu ndevu hazijaota, hakuna aliyewahi kunipa mkono."

"Hongera, Mheshimiwa."

Kondo akapangusa jasho. Akatazama huku na huku uani kama anayetafuta kitu cha kushika, akamwona jogoo mwekundu kamba mguuni, na uso wake ukachangamka.

"Jogoo wangu bado unaye, mwizi mkubwa! Umemnenepesha! Siku utakapomchinja—"

Mashavu alikwenda akipapasa, akamfungua jogoo, akarudi naye, akamweka mikononi mwa Kondo, juu ya suti.

"Nilimtunza, Mheshimiwa. Nisamehe kwa kumchukua. Sikuwa na haki ya kuingia kwako bila hodi."

Jogoo alipiga mbawa mara moja, akatulia.

"Na siku nikifa," Mashavu alisema kwa adabu ile ile, "usijisumbue kuja. Watanizika wa nyumbani."

"Nitukane," alisema Kondo.

Mashavu akainamisha kichwa.

"Mashavu, nakuomba. Nitukane hata mara moja tu, niondoke."

Alikuwa amesimama mbele yake, lakini Mashavu hakuuona uso. Aliona umbo refu na kitu chekundu kwapani. Wala hakujaribu kukaza macho.

"Karibu tena, Mheshimiwa."

Gari lilipoondoka, Mashavu alikokota ule mzigo wa kuni mpaka kwenye mafiga, akaanza kuzipanga moja moja kwa kupapasa, kubwa chini, ndogo juu. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanafika kidevuni, na hakuyafuta. Majirani waliopita walimpa pole, wakasema kuni mbichi hazifai, moshi wake unaua macho. Mimi nilikuwa pale ukutani, niliona. Kuni zilikuwa bado hazijawashwa.